Maswali ya Wasomaji: iMessage kwa Asiye na iPhone

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kuhamisha picha na namba za watu kutoka simu ya Android kwenda iPhone. Barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo zimetoka kwa wasomaji ambao hawana iPhone wala hawana mpango wa kuinunua, ila ndugu zao wanayo na huandikiana kwa iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple iliyomo ndani ya iPhone. Tumechagua sita, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya baadhi ya nyingine yamejengwa juu yake.

Ndugu Mwandishi, salaam. Natumia simu ya Samsung. Kaka zangu wawili wanaishi Boston na mdogo wetu yuko Toronto; wote wana iPhone na wamefungua kundi la familia ndani ya iMessage. Mimi hupata makombo tu. Picha za harusi ya binti wa kaka mkubwa zilinifikia zikiwa ukungu mtupu, na mara kwa mara napokea ujumbe unaosema kwamba fulani ameipenda picha ambayo sikuiona. Fundi mmoja mjini ananiambia kwamba kwa shilingi 150,000 ataniwekea programu itakayoiingiza simu yangu katika iMessage kama iPhone nyingine yoyote. Nimlipe?
*Mama wa watoto watatu, Ntinda, Kampala*

Mama, pesa yako ikae kwako. Hakuna programu ya Android ambayo fundi anaweza kuiweka ikaiingiza simu yako katika iMessage, na ikadumu, bila kifaa halisi cha Apple kuhusika mahali fulani nyuma yake.

iMessage ilianza Oktoba 2011 pamoja na iOS 5, toleo la tano la mfumo unaoendesha iPhone, na tangu siku hiyo Apple haijaitoa kwa simu za wengine. Inavyofanya kazi ni hivi: iPhone inapowashwa na kuunganishwa na intaneti, hupeleka kwenye seva za Apple uthibitisho unaotokana na namba yake ya kiwandani na vitambulisho vingine vilivyomo ndani ya kifaa. Seva zikiridhika kwamba kifaa ni cha kweli, huandika namba ya simu au anwani ya barua pepe ya mwenyewe katika daftari lao, pamoja na funguo zinazotumika kuufunga ujumbe usisomwe njiani. Kaka yako anapotaka kukuandikia, simu yake huliuliza kwanza daftari hilo kama namba yako imo. Ikiwamo, ujumbe hupita kwenye njia ya Apple na kiputo chake, kile kisanduku cha maneno kwenye kioo, huwa cha buluu. Isipokuwamo, maneno huondoka kama SMS, picha huondoka kama MMS, na kiputo huwa cha kijani. Hiyo MMS ndiyo iliyokusagia picha za harusi, kwa kuwa ilibuniwa zama za simu ndogo na huibana picha mpaka ipoteze sura, ikiwa itavuka mipaka ya nchi kabisa. Daftari lenyewe ni kama lile la mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la mtaa: unaweza kuwa umekaa mtaani miaka ishirini na majirani wote wanakujua, lakini kama jina halimo, barua yenye muhuri huipati, na mwenye kalamu ni mmoja tu.

Waliojaribu kuingia katika daftari hilo bila idhini wanazijua kompyuta kuliko fundi wetu wa mjini, na bado walitolewa. Tarehe 5 Desemba 2023 kampuni ya Beeper, iliyokuwa ikiongozwa wakati huo na Eric Migicovsky aliyewahi kuanzisha saa za Pebble, ilitoa programu ya Android iitwayo Beeper Mini kwa karibu dola 2 kwa mwezi. Kazi iliyoiwezesha ilitokana na mwanafunzi wa shule ya sekondari, mwenye umri wa miaka 16, aliyechunguza jinsi vifaa vya Apple vinavyozungumza na seva zake kisha akaiga mazungumzo hayo hatua kwa hatua. Programu ilifanya kazi, na vizuri: namba ya mtumiaji wa Android iliandikwa daftarini na viputo vikawa vya buluu. Tarehe 8 Desemba ikazimwa. Apple ilieleza kwamba imechukua hatua za kuwalinda watumiaji wake dhidi ya mbinu zinazotumia vitambulisho bandia. Beeper ilirudi siku chache baadaye kwa njia ya anwani za barua pepe peke yake, ikakatwa tena. Ikawaomba watumiaji waazime vitambulisho kutoka kompyuta za Mac walizo nazo, na baadhi yao wakalalamika kwamba sasa Mac zenyewe zimefungiwa iMessage. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ilikuwa imeacha kushindana. Mwezi Aprili 2024 ilinunuliwa na kampuni ya Automattic, na leo Beeper ni programu ya kukusanya mazungumzo ya mitandao mingine mahali pamoja.

Mfano wa pili unatisha zaidi. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Novemba 2023, kampuni ya simu ya Nothing ilitangaza Nothing Chats, iliyowaahidi wenye simu zake iMessage kwa msaada wa kampuni nyingine iitwayo Sunbird. Hapa hakukuwa na kuiga chochote: mtumiaji alitoa akaunti yake ya Apple na neno lake la siri, na kompyuta ya Mac iliyokuwa mbali ikaingia kwa niaba yake. Walisema ujumbe umefungwa mwanzo hadi mwisho. Wachunguzi wa nje walipoikagua, wakakuta ujumbe na picha vinahifadhiwa mahali ambapo vingeweza kusomwa bila kufunguliwa kwa ufunguo wowote. Programu iliondolewa dukani karibu mara tu baada ya kuwekwa.

Ukiyaweka hayo mawili kando kwa kando, utaona fundi anaweza kuwa anauza mojawapo ya vitu viwili. La kwanza ni pambo: ziko programu za SMS za Android zinazoiga sura ya iPhone, ambazo hupaka viputo vyako buluu kwenye kioo chako wewe. Hili ni rahisi kulipima ukiwa bado dukani kwake. Mwandikie kaka yako neno moja, kisha mpigie simu umuulize limefika kwa rangi gani; akikwambia kijani, umeuziwa rangi. La pili ni akaunti ya Apple ambayo fundi ataifungua kwa barua pepe yake yeye, au atakuomba yako pamoja na tarakimu za uthibitisho zitakazoingia kwenye simu yako. Hapo simama. Akaunti hiyo ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, ndiyo itakayopokea barua za familia yenu, na siku ukija kununua iPhone na kuitumia humohumo, mwenye kuijua nywila anaweza kuona picha zako, kujua simu ilipo, na hata kuifunga.

Sasa, la kufanya. Njia fupi ni kuwaambia kaka zako wahamishie kundi WhatsApp, na sioni aibu yoyote katika ombi hilo. Ugomvi wa buluu na kijani ni wa Marekani, ambako SMS zilikuwa za bure ndani ya vifurushi na watu hawakuwa na haja ya kutafuta programu nyingine; sisi WhatsApp tuliendelea nayo hata ilipotozwa shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, hadi kodi hiyo ilipobadilishwa mwaka 2021 ikawa asilimia 12 juu ya data. Anayehama mazoea awe yule mwenye simu inayoweza kuingia pande zote mbili, na huyo ni kaka, si wewe.

Kama hawataki, ipo RCS, ambayo ni mrithi wa SMS. Apple iliiingiza katika iPhone kwa toleo la iOS 18, Septemba 2024, baada ya kuikataa kwa miaka mingi. Kwa RCS picha huenda zikiwa safi, unaona mwenzako anapoandika, na kugusa picha kwa kuipenda hakuzai tena ule ujumbe wa ajabu. Kiputo kitabaki cha kijani. Kwako wewe, fungua programu ya Google Messages, ingia katika mipangilio yake, uone kama RCS imeunganishwa na namba yako. Kwao, waingie katika mipangilio ya Messages watafute kitufe cha RCS. Kampuni tatu kubwa za simu za Marekani zinaikubali, lakini kitufe kisipoonekana kabisa basi mtandao husika haujaiwezesha, na kipimo hichohicho ndicho kinachofaa kwa mwenye iPhone ya laini ya MTN au Airtel hapa nyumbani. Ujue tu kwamba RCS iliyokuja na iOS 18 haifungi ujumbe mwanzo hadi mwisho kati ya iPhone na Android jinsi WhatsApp inavyofunga. Kanuni ya kuufunga ilitangazwa na chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, mwezi Machi 2025, na Apple ikasema itaifuata. Kwa picha za harusi hilo halina uzito. Kwa namba za benki, lina uzito.

Na kama moyo umeng'ang'ania buluu, basi iPhone iliyotumika au iPad ya zamani, bila laini, juu ya Wi-Fi ya nyumbani, itaingia iMessage kwa anwani ya barua pepe. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aifute simu yote mbele yako na aiwashe upya mpaka ifike ukurasa wa mwanzo. Ikidai akaunti ya mwenye nayo wa zamani, mrudishie.

Mheshimiwa Mwandishi, niliuza iPhone yangu mwezi uliopita, laini nikaihamishia kwenye Tecno. Tangu hapo ujumbe wa dada yangu aliye Nairobi haunifikii, ilhali kila mtu mwingine ananipata. Yeye anaapa kwamba ananiandikia kila siku na anadhani namnyamazia. Mtandao wa simu wanasema laini haina kasoro.
*Msomaji, Arua*

Laini haina kasoro, na dada yako hasemi uongo. Namba yako bado imo katika lile daftari la Apple tulilolieleza juu, kwa sababu uliiondoa laini bila kuizima iMessage kwanza. Dada yako naye ana iPhone. Simu yake inauliza, inajibiwa kwamba umo, na inakutumia ujumbe wa buluu unaokwenda kwenye kifaa ambacho si chako tena. Mwombe atazame chini ya ujumbe wake wa mwisho: kama halipo lile neno dogo la kijivu linalothibitisha kwamba umefika, huo ndio ushahidi.

Ungekuwa bado una iPhone, ungeirudishia laini, ukaingia katika mipangilio ya Messages na kuizima iMessage, kisha ukaizima na FaceTime, huduma ya Apple ya simu za video. Kwa kuwa umeiuza, tumia ukurasa ambao Apple iliufungua Novemba 2014 kwa watu wa hali yako, baada ya malalamiko mengi. Utaupata katika tovuti yake ya msaada, sehemu ya kujiondoa iMessage bila kuwa na iPhone. Chagua Uganda ili itangulizwe 256, andika namba yako bila sifuri ya mwanzo, na utatumiwa kwa SMS tarakimu sita ambazo utaziandika kwenye ukurasa huohuo. Laini iwe ndani ya Tecno wakati huo, maana ndiko tarakimu zitakakoingia.

Baada ya hapo, dada afute mazungumzo yenu ya zamani na aanze mapya, kwa kuwa simu yake inaweza kuendelea kwa muda kushikilia njia ya mwanzo. Makundi mliyokuwamo pamoja yaanzishwe upya pia. Zile barua za mwezi mzima hazitakufikia hata baada ya kujiondoa, kwa hiyo mwombe akusimulie. Na kama hukuifuta iPhone kabla ya kuiuza, ingia katika akaunti yako ya Apple kwa kivinjari leo hii na uiondoe simu hiyo katika orodha ya vifaa vyako. Hilo ni la haraka kuliko la dada.

Nina MacBook ya mwaka 2015 na simu ya Infinix. Nimesikia kwamba BlueBubbles inafanya kazi bila kukatwa na Apple. Je, ni kweli, na je, inafaa kwa mazingira yetu?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Mbale*

Ni kweli. BlueBubbles ni programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi, na imedumu pale ambapo Beeper Mini ilikatika kwa sababu haimdanganyi mtu: kifaa kilichomo daftarini ni Mac yako halisi, iliyoingia kwa akaunti yako halisi. Mac hupokea ujumbe, na BlueBubbles huusukuma hadi kwenye Infinix. Unaijenga seva yako mwenyewe, unaiunganisha na huduma ya Google ya kupeleka arifa, na neno la siri linabaki kwako. Hiyo ndiyo tofauti yake na Sunbird, na kwangu ni tofauti inayotosha.

Kuhusu mazingira yetu, tatizo ni kwamba Mac lazima iwe macho usiku na mchana. Ikilala, simu yako nayo haipati kitu, na ujumbe utakuja kwa mkupuo itakapoamka. Umeme ukikatika Mbale, betri ya MacBook ya mwaka 2015, kama haijabadilishwa, itakuvusha kwa muda mfupi, lakini kipitishi cha Wi-Fi kitazimika papo hapo kama hakina betri yake. Ukifunga kifuniko, kompyuta hulala, isipokuwa umeiunganisha na umeme pamoja na kioo cha nje. Weka hesabu ya data pia: picha moja iliyotumwa kwako hushuka mara moja hadi kwenye Mac, ikapanda tena kutoka kwenye Mac, kisha ikashuka kwenye simu; kama Mac inatumia kifurushi cha simu, unailipia kila safari.

Jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa ni kwamba Mac peke yake haiwezi kuandikisha namba yako ya simu. Namba huandikishwa na iPhone yenye laini hiyo. Rafiki zako wataona ujumbe unatoka kwenye anwani yako ya barua pepe, na wakikutafuta kwa namba bado watakuona wa kijani. Mwisho, ili upate vionjo vyote, kama kugusa ujumbe kwa kuupenda na kuona mwenzako anaandika, utatakiwa kuzima ulinzi wa ndani wa macOS, mfumo unaoendesha Mac. Kwenye Mac unayotumia pia kwa kazi za chuo na za benki, mimi nisingeuzima; mazungumzo ya kawaida na picha vitapita bila hilo.

Kwa nini serikali za nchi kubwa haziilazimishi Apple kuifungua iMessage?
*Mwanafunzi wa sheria, Chuo Kikuu cha Makerere*

Ulaya ilikaribia. Chini ya Sheria yake ya Masoko ya Kidijitali, WhatsApp na Messenger ziliwekwa mwaka 2023 katika kundi la huduma zinazolazimika kuzungumza na nyingine, na iMessage ikachunguzwa. Februari 2024 Tume ya Ulaya ikaamua kutoiingiza. Marekani, Wizara ya Sheria iliishtaki Apple tarehe 21 Machi 2024 kwa madai ya kuhodhi soko la simu, na namna watumiaji wa Android wanavyotengwa katika ujumbe ni sehemu ya mashtaka hayo.

Kwako wewe wa sheria, ushahidi unaovutia zaidi ulitolewa mapema, katika kesi ya Epic, kampuni ya michezo ya video, dhidi ya Apple ya mwaka 2021. Barua pepe za ndani za Apple zilionyesha kwamba mwaka 2013 Eddy Cue, mmoja wa wakuu wake, alitaka iMessage iwekwe kwenye Android, na mkuu mwenzake, Craig Federighi, akahofia kwamba kufanya hivyo kungewaondolea kikwazo wazazi wenye iPhone wanaofikiria kuwapa watoto wao simu za Android. Mwaka 2016 Phil Schiller, naye mmoja wa wakuu wa Apple, aliandika kwamba kuipeleka huko kungewaumiza kuliko kuwafaa. Kwa maneno mengine, uamuzi ulikuwa wa biashara, na waliouchukua hawakuuficha baina yao. Septemba 2022, mtu mmoja alipomlalamikia Tim Cook, mkurugenzi mkuu wa Apple wakati huo, hadharani kwamba mama yake haoni video anazomtumia, alijibiwa amnunulie mama iPhone. Msomaji wetu wa Ntinda atakuwa amelipata jibu hilo kwa lugha nyingine.

Nina iPhone lakini ofisini natumia kompyuta ya Windows. Je, naweza kujibu iMessage kwenye kompyuta?
*Karani, Mbarara*

Kiasi. Programu ya Microsoft iitwayo Phone Link, tangu mwaka 2023, inaunganisha iPhone na Windows 11 kwa Bluetooth na kukuruhusu kusoma na kujibu. Haipeleki picha na haishughulikii makundi, na simu lazima iwe karibu na kompyuta.

Mama yangu yuko Masaka na ana itel ya Android. Mjukuu wake aliye London anataka waonane kwa FaceTime. Inawezekana?
*Msomaji, Masaka*

Inawezekana, na hapa Apple iliulegeza mlango yenyewe, mwaka 2021, kwa toleo la iOS 15. Mjukuu afungue FaceTime, atengeneze kiungo, na akitume kwa SMS au WhatsApp. Bibi atakigusa, Chrome itafunguka, ataandika jina lake na kuruhusu kamera na kipaza sauti, kisha atasubiri hadi mjukuu amkubalie kuingia. Bibi mwenyewe hawezi kutengeneza kiungo wala kupiga, anaalikwa tu. Itel yenye kumbukumbu ndogo inaweza kukwama video inapoanza, basi afunge kwanza programu nyingine zote, na wakipanga saa, wakumbuke kwamba Masaka iko mbele ya London kwa saa mbili wakati wa kiangazi cha kule na saa tatu wakati wa baridi.